Watoto Wetu Watafuata Dini ya Nani?

BARUA KWA SHANGAZI

Safari hii nimeziweka pamoja barua tatu zinazohusu jambo moja: malezi ya watoto katika nyumba yenye dini mbili. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

"Tulisema watachagua wenyewe wakikua"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkatoliki na mume wangu ni Mwislamu. Tulifunga ndoa ya serikali kwa sababu hakuna aliyetaka kumbadilisha mwenzake dini. Kuhusu watoto tulikubaliana wasifungwe upande wowote. Wakikua watachagua wenyewe. Sasa wa kwanza ana miaka sita, na mimi nina mimba ya miezi saba. Tulipoletewa fomu ya shule, penye "Dini" mume wangu aliacha wazi, nami nikaacha wazi. Mwalimu akamuuliza mtoto mbele ya wenzake, akajibu hajui. Alipofika nyumbani akaniuliza, "Mama, kwani sisi ni nani?" Nikamwambia akamuulize baba. Baba akamrudisha kwangu. Mama mkwe anataka aanze chuo, mama yangu mzazi kila akipiga simu anauliza ubatizo ni lini. Mimi na mume wangu tumeanza kukwepana. Je, tulikosea? Na huyu anayekuja tumfanyeje?*
— Mama Kijacho

Marahaba mwanangu. Katika barua yako yote, kilichonishika ni mtoto kutumwa kwa baba, na baba kumrudisha kwako. Mengine yanaweza kungoja kidogo. Hilo lisingoje.

Mtoto wa miaka sita akiuliza "sisi ni nani" hatafuti elimu ya dini. Anataka kujua wenzake wakijipanga yeye ajipange wapi, na siku ya Idi au ya Krismasi yeye ni mwenyeji au mgeni. Mlipomzungusha, alichoambulia ni kwamba dini katika nyumba hii ni jambo lisilotajwa. Atakoma kuuliza, nanyi mtadhani ameridhika. Baadaye atakwenda kuuliza kwa watu wengine, na huko atajibiwa na asiyempenda mmoja wenu.

Nayasema haya kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba kama yenu. Baba yangu Mwislamu, mama yangu Mkatoliki, na kila mmoja alibaki na dini yake mpaka uzeeni. Sisi watoto tulilelewa Kiislamu, na mimi ni Mwislamu mpaka leo. Jambo hilo lilikatwa kabla ya kaka yangu mkubwa kuzaliwa, na kila mtu alilijua, sisi watoto tukiwamo. Lakini mama hakuficha dini yake hata siku moja. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari upande wake wa kitanda, na Msahafu wa baba ulikaa kwenye rafu ya juu, umefunikwa kitambaa cheupe. Jumapili baba alimsindikiza mama hadi kanisani, akakaa nje na gazeti lake mpaka misa ikaisha. Mwaka 1993 Ramadhani na Kwaresima zilianza karibu siku moja, mwishoni mwa Februari. Mama aliamka usiku kumpashia baba daku, na asubuhi akanywa chai yake bila sukari, ndiyo sadaka aliyoichagua mwaka ule. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, walikaa pamoja kimya wakingoja. Hakuna aliyetuhubiria chochote. Tuliona tu kwamba watu wawili tunaowapenda wanamcha Mungu kwa dhati, kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo usije ukadhani tatizo lenu ni dini mbili. Tatizo ni ukimya.

Sasa nije kwenye makubaliano yenu. Nia ilikuwa njema, na wengi wanaooana kama ninyi huanzia hapo, kwani ndilo jibu lisilomuudhi yeyote siku ya harusi. Lakini mtu hachagui asichokijua. Dini humwingia mtoto kwa kutenda kabla haijamwingia kwa kuelewa: anamwangalia baba akitawadha na yeye anajimwagia maji, anaongozwa mkono kufanya ishara ya msalaba kabla ya kula, anajua lini watu hunyamaza na lini huitikia "Amina". Akifika miaka kumi na minane hana hata kimoja cha hivyo, hatakuwa na cha kupima. Atafuata dini ya mchumba, au ya rafiki, au ataacha zote, na hapo mtakuwa ninyi ndio mliomchagulia, ila kwa kukaa kimya. Uhuru wake wa kuamua ukubwani naukubali kabisa. Lakini apewe kitu cha kuamulia.

Mnaweza kwenda kwa njia mbili za kweli, na ya tatu naitaja ili muiache.

Hiyo ya tatu ni kugawana watoto: wa kiume wa baba, wa kike wa mama, au wa kwanza wako, wa pili wangu. Ni desturi ya zamani. Huko Ulaya, Ireland ikiwamo, Wakatoliki na Waprotestanti waliooana waliwahi kuishi hivyo kwa muda mrefu. Kwa wazazi inaonekana ni haki, kila mmoja amepata chake. Kwa watoto ni kama nyumba kukatwa ukuta katikati. Ndugu wawili wa chumba kimoja, mmoja anaamshwa kwenda swala ya Idi na mwenzake anaachwa amelala. Huyo wa tumboni asigawiwe kwa sababu tu kaka au dada yake alitangulia.

Njia ya kwanza ni watoto kulelewa katika dini moja, huku dini ya mzazi wa pili ikiheshimiwa na kuonekana. Ndiyo niliyokulia, na ndiyo ninayoipendelea, sitaficha. Mtoto anapata jamaa ya ibada, anapata mwalimu, anajua pa kusimama. Gharama yake inamwangukia mzazi anayeachia, na gharama hiyo ni kubwa. Mama yangu aliwahi kuniambia kwamba kila Pasaka alilia kidogo kwa kukosa mtoto wa kumshika mkono kanisani. Mwenzako akiachia, au ukiachia wewe, anayeachiwa asijione ameshinda. Amekabidhiwa deni.

Njia ya pili ni kuwafundisha dini zote mbili. Inawezekana, lakini ni kazi mara mbili, na wengi wanaosema wanaifanya huwa hawafundishi hata moja. Mkiichagua, anzeni na mnavyoshirikiana, maana ni vingi: Ibrahimu, Musa, na Yusufu na kaka zake, ambaye habari zake ziko katika Mwanzo kuanzia sura ya 37 na katika Sura ya 12 ya Kurani. Yuko Mariamu, mwanamke pekee anayetajwa kwa jina ndani ya Kurani, na Sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Mtoto wa miaka sita anaweza kusimuliwa hadithi ya Yusufu jioni moja na baba na jioni ya pili na mama, na akafurahia kutafuta tofauti.

Tofauti zenyewe msizifiche. Msimwambie dini zote ni sawa. Akifika miaka minane au tisa atasikia kanisani kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa na kufufuka, kisha atasikia chuoni kwamba Isa ni nabii mtukufu na kwamba hakuuawa wala hakusulubiwa, kama isemavyo Sura ya 4, aya ya 157. Atakuja kwenu akidhani mmoja wenu ni mwongo. Wala halihitaji jibu refu: "Baba anaamini hivi, mama anaamini hivi. Hapa hatukubaliani, na tumeishi pamoja tukilijua hilo." Mwambieni mkiwa wote wawili mmekaa naye. Uso wa baba wakati mama anasema utamfundisha mengi kuliko maneno.

Kuna jambo ambalo kila mmoja wenu hana budi kulijua kuhusu mwenzake, ili asimwone mkaidi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1125, inamtaka Mkatoliki anayeoa au kuolewa na mtu wa dini nyingine aahidi kwa moyo mweupe kufanya kila awezalo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake aarifiwe ahadi hiyo. Zamani, chini ya sheria ya 1917, ahadi ilidaiwa kwa wote wawili. Papa Paulo wa Sita aliubadilisha utaratibu huo mwaka 1970. Wewe uliyefunga ndoa ya serikali huenda hujawahi kuulizwa, ila siku utakapokwenda kwa paroko ili ndoa yenu itambuliwe na Kanisa, utaulizwa. Kwa upande wa mumeo, Kurani katika Sura ya 5, aya ya 5, imemruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke wa Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na wanazuoni wanakubaliana kwamba mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu. Unaona basi: mnavutwa nyote wawili, kila mmoja na dhamiri yake. Mama mkwe na mama yako mzazi hawajatunga neno. Wanasema walichofundishwa.

Nenda kwa paroko, naye aende kwa shehe anayemwamini, tena kila mmoja amsindikize mwenzake kama mtaweza. Hamtaondolewa uzito, lakini mtajua ni upi.

Kabla ya miezi miwili iliyobaki kwisha, kaeni wawili, bila wazee. Siku huyo mtoto akizaliwa mtakuwa mmechelewa: babu yake atafika hospitali akitaka kumwadhinia sikioni, na mama yako atakuwa ameshapata msimamizi wa ubatizo. Zungumzeni jina. Zungumzeni akika na ubatizo, ni kipi kitafanyika, kipi hakitafanyika, na nani atahudhuria. Zungumzeni chuo na mafundisho ya Jumapili, siku gani, nani anapeleka. Mkubaliane kwamba kila mtu anawajibu wazazi wake mwenyewe; mama mkwe aambiwe na mwanawe, asiambiwe na wewe. Msipomaliza siku moja, rudieni siku nyingine, lakini msilale mmenuniana halafu mkasema mmekubaliana.

Kisha mwiteni wa kwanza. Mwambieni mlichokikata, na kwamba ile siku alipouliza aliuliza vizuri. Fomu ya shule mwijaze naye akiwa amekaa hapo anaona kalamu.

La mwisho kwako, na hili halifurahishi ila ni lazima. Kwa rai ya wanazuoni wengi wa Kiislamu, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Mumeo akitangulia, na mirathi ikagawiwa kwa sheria hiyo, wewe huna fungu, na mtoto asiyehesabiwa kuwa Mwislamu naye huenda akanyimwa. Lakini Mwislamu anaruhusiwa kuusia mpaka theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi wake. Aandike wasia mapema, mbele ya mwanasheria anayejua sheria ya nchi yenu inasemaje kuhusu ndoa ya serikali. Wajane wengi wamegundua habari hii msibani.

"Nimbatize mjukuu wangu nikimwogesha?"

*Mwanangu, mimi ni bibi, Mkatoliki tangu kuzaliwa. Binti yangu ameolewa na Mwislamu. Mkwe wangu ni kijana mwema, sina neno naye. Lakini mjukuu amefikisha miezi minane hajabatizwa, na sioni dalili. Mimi ndiye ninayeachiwa mtoto wazazi wakienda kazini. Nimesikia kwamba mtu yeyote anaweza kubatiza, maadamu atumie maji na atamke yale maneno. Nikifanya hivyo siku moja ninapomwogesha, nani atajua? Naogopa kufa nimemwacha hivi. Je, ni dhambi?*
— Bibi Mwenye Hofu

Shikamoo mama. Mimi si wa Kanisa lenu, ila nililelewa na Mkatoliki, na hofu yako naielewa. Nakuomba usifanye.

Ulichosikia ni kweli kwa sehemu. Kanuni ya 861 inasema kwamba palipo na lazima, mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa anaweza kubatiza. Lazima yenyewe ni kama mtoto yu mahututi na padri hayupo. Mjukuu wako ni mzima, anatambaa, anavuta pazia. Kwa mtoto kama huyo kanuni ya 868 inataka mambo mawili: angalau mzazi mmoja akubali, na liwepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani hiyo. Ukimbatiza kwa siri huna la kwanza, na la pili utakuwa umeliharibu kwa mkono wako, maana siku mkwe wako akijua hutaachiwa tena mtoto huyo.

Na hujulikana, mama. Mwaka 1858 mjini Bologna, Italia, wakati mji huo ungali chini ya utawala wa Papa, askari walimchukua mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita, Edgardo Mortara, kutoka kwa wazazi wake. Sababu ilikuwa kwamba mtumishi wa nyumbani alisema alimbatiza kwa siri alipougua akiwa mchanga, na sheria ya dola ile haikuruhusu mtoto aliyebatizwa kulelewa na wasio Wakristo. Kesi hiyo ilitikisa Ulaya na Marekani, lakini wazazi hawakurudishiwa mtoto. Alilelewa Roma, akawa padri, akafariki mwaka 1940. Yule mtumishi naye alifanya kwa huruma, akidhani anamwokoa mtoto. Sikwambii kwamba askari watakuja kwako. Nakwambia jinsi tendo la dakika moja juu ya beseni linavyoweza kumtenga mtoto na wazazi wake.

Wala si upande mmoja tu unaofanya hivi. Nchini Malaysia baba mmoja aliyesilimu mwaka 2009 aliwasilimisha watoto wake watatu pasipo ridhaa ya mama yao, ambaye ni Mhindu. Mama huyo alipigania jambo hilo mahakamani miaka na miaka, mpaka tarehe 29 Januari 2018 Mahakama ya Shirikisho ilipoamua kwamba kusilimishwa kule ni batili kwa kuwa hakuridhia. Fikiria watoto wamekuwa wakubwa kiasi gani wakati wote huo.

Hofu yako ya kifo cha mtoto bila ubatizo, ipeleke kwa paroko. Muombe akusomee Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261. Utakuta kwamba Kanisa lako linawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu na kuwawekea tumaini. Huyu wako yu hai.

Nataka nikukumbushe bibi mmoja aliyemo katika Biblia yako. Paulo anamwandikia Timotheo akikumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike. Ni Waraka wa Pili, sura ya kwanza, aya ya 5. Sasa soma na Matendo ya Mitume sura ya 16. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na kijana mwenyewe alifika utu uzima hajatahiriwa, ilhali mama yake ni Myahudi. Maana yake, alama ya mwilini hakupewa utotoni. Hata hivyo Paulo anasema aliyajua maandiko matakatifu tangu utoto. Bibi na mama walimfundisha katika nyumba ile ile ya Myunani, bila kumwekea alama ambayo hatukuambiwa kama baba yake aliitaka. Mimi nikisoma habari hizo namwona bibi mvumilivu sana.

Nawe unaweza kuwa hivyo. Omba mbele ya mtoto kwa sauti yako ya kawaida, aizoee. Usingoje mkwe aondoke ndipo utoe rozari, itoe akiwapo. Na yale uliyoniandikia mimi, mwambie binti yako jinsi yalivyo, pamoja na ile hofu ya kufa. Huenda naye ana la kwake moyoni na anakuogopa wewe. Uamuzi ni wao wawili, na wakiamua tofauti na utakavyo, endelea kumpokea mtoto mlangoni asubuhi. Bibi anayeaminiwa ana miaka mingi mbele yake na mjukuu.

"Nikichagua dini ni kama nimemchagua mzazi"

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17. Baba ni Mwislamu, mama ni Mlutheri. Nimesoma chuo na nimesoma shule ya Jumapili. Wazazi waliachana nilipokuwa na miaka kumi na moja. Naishi kwa mama, na mwisho wa wiki naenda kwa baba. Kwa baba naswali, kwa mama naimba kwaya. Sasa moyo wangu umeelekea kanisani na ningependa kuingia darasa la kipaimara. Lakini naona nitakuwa nimemwacha baba mara ya pili. Shangazi zangu watasema mama ameninyakua. Nimechoka kuwa watu wawili.*
— Binti wa Katikati

Marahaba mwanangu. Mimi ni Mwislamu, na nikisema kwamba jambo hili halinigusi nitakuwa nakudanganya. Ningependa ubaki. Lakini umeniuliza ufanyeje, na nitakujibu kwa lililo jema kwako.

Kwanza, hukumwacha baba mara ya kwanza. Walioachana ni wao. Umebeba lisilo lako kwa miaka sita, litue.

Pili, jichunguze. Moyo unavutwa na imani yenyewe, au na nyumba unayolala siku tano na rafiki zako wa kwaya? Jiulize kama ungetaka hivyo hivyo endapo ungekuwa unaishi kwa baba na kanisa liko mbali. Kutoka katika Uislamu ni jambo zito, na kwa baba yako litakuwa kama kufiwa. Kipaimara hakiharibiki kikingoja mwaka. Tumia muda huo kumuuliza mchungaji maswali magumu, na kumuuliza baba yako maswali magumu vile vile; huenda hujawahi kumuuliza lolote kwa kuogopa kumuumiza.

Ukishajiuliza yote hayo na bado ukaona ni kule, una haki yako. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 14, unatambua uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na unawapa wazazi haki na wajibu wa kumwongoza kadiri anavyokua kiakili. Ujerumani ina sheria tangu mwaka 1921 inayosema aliyefikisha miaka 14 anajiamulia mwenyewe dini yake, na aliyefikisha 12 habadilishwi dini kinyume cha hiari yake. Nakutajia hayo ujue kwamba watu wazima wenye busara wamelifikiria suala lako kabla hujazaliwa. Lakini usiende kwa baba na ibara mkononi.

Shangazi zako wakisema undugu umekatika, wanajua wenyewe kisa cha Asmaa binti Abubakar. Mama yake alikuwa mshirikina na akaja kumtembelea. Asmaa akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama aunge udugu naye, akaambiwa ndiyo, auunge. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na Sura ya Luqman, aya ya 15, inamwambia mtoto kwamba wazazi wakimshurutisha kumshirikisha Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Kisa na aya vyote viwili vinamhusu mtoto Mwislamu mwenye mzazi asiye Mwislamu. Kwako mambo yamegeuka, na sitajifanya sioni. Wema kwa mzazi, hata hivyo, haukufutwa na tofauti ya imani. Katika Biblia pia, amri ya kumheshimu baba na mama haikuweka sharti la dini.

Mwambie baba wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hujajiandikisha. Asiambiwe na mama wala na ndugu, na asisikie kwa mwanakwaya mwenzako. Isiwe Ramadhani wala siku ya Idi. Mama asiwepo, maana akiwepo baba atazungumza na mama badala ya kuzungumza na wewe. Ikiwa una sababu ya kuogopa kwamba atakudhuru, usiende peke yako. Mtafute mtu mzima anayemheshimu, babu au amu, akae nawe. Mwambie unachoamini na kwa nini, kisha umwambie alichokufundisha yeye ambacho utabaki nacho. Nina hakika kipo. Kifikirie kabla ya kwenda, ukitaje kwa jina.

Na mpaka utakapomwambia, usisimame nyuma yake kwenye mswala kwa ajili ya kumfurahisha tu. Hapo ndipo unapochoka. Atakuuliza kwa nini hukuswali, na swali hilo litakufungulia mazungumzo.

Akikasirika, msikilize mpaka amalize, usijibizane naye. Wiki ijayo, siku ile ile, saa ile ile, nenda kwake kama kawaida.